Abiria Anayetazama Nyuma

Kila asubuhi vikanyagio vya abiria vilikutwa vimeshushwa.

Vilikuwa vyuma viwili vidogo, kimoja kila upande wa pikipiki, na mtu anayeendesha peke yake huvikunja ili visimgonge miguu anapoisukuma. Mjane alivikunja kila jioni kwa ncha ya kiatu, ta, ta, akaifunika pikipiki kwa turubai pale kibarazani, akaingia ndani. Asubuhi akifunua turubai, anavikuta vimelala wazi, kama viganja vya mtu anayengoja kuwekewa kitu.

"Nani kachezea pikipiki?"

"Si mimi," alisema binti yake wa miaka saba, mdomo umejaa mkate. "Hilo turubai lina buibui mkubwa. Siligusi hata mkinipa zawadi."

Mama mkwe alikuwa ameinama akimfunga mtoto kamba za viatu, wala hakuinua kichwa. "Chuma kimelegea tu, mwanangu. Chuma nacho huzeeka. Hili goti langu mbona hukunjika lenyewe bila kuulizwa?"

Wakacheka. Ilikuwa nyumba iliyoanza kujifunza kucheka upya, kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kukanyagia mguu uliotoka kwenye plasta. Walikuwa watatu. Wa nne alizikwa mwaka uliotangulia, na nafasi yake mezani hakuna aliyeikalia wala aliyeiziba.

Kazi ya mjane ilikuwa kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani. Duka la dawa lilimfungia mifuko miwili ya ngozi ubavuni mwa pikipiki, na ndani yake chupa na vidonge vililala vimefungwa kwa pamba. Waendeshaji wenzake walimwita Kobe.

"Kobe! Ukifika, mgonjwa keshapona!"

"Bora apone akinisubiri kuliko aje kunizika."

Walimtania, lakini mgeni akiingia kazini, kwake ndiko alikopelekwa kufundishwa. Na somo alilolirudia zaidi lilikuwa la madereva waliowaita wanusa mkia, wale wanaomganda mtu wa pikipiki mpaka akahisi joto la injini yao miguuni. Usikimbie, aliwaambia, haraka ni yake, usiifanye yako. Usikanyage breki kwa hasira. Iguse tu, taa iwake, ajue upo. Mbele yako acha nafasi kubwa, usije ukalazimika kusimama ghafla. Halafu tafuta pa kujibanza, mpishe aende zake. "Kiburi hakina vipuri," alimalizia kila mara.

Mume wake alikuwa kinyozi, na pikipiki hakuijua hata kuiwasha. Kila jioni mkewe alimpitia kazini, naye akapanda nyuma, akamkumbatia kiunoni mchana kweupe mbele ya watu. Majirani walimcheka. Mwanamume mzima kupakiwa na mke!

"Nyinyi mmeoa wapishi, mimi nimeoa dereva," alijibu. "Ugali nitajisongea. Nyinyi mtajipakia?"

Siku ile walikuwa wakirudi alasiri. Mbele yao, kwenye kivuko, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alishuka barabarani. Kobe alisimama. Alisimama vizuri, taratibu, taa ya breki imeshawaka mapema, kama alivyowafundisha wengine. Lakini gari la nyuma lilikuwa limewaganda tangu darajani, na dereva wake hakuwa na nafasi ya kusimamia, kwa kuwa nafasi hiyo alishaila yote. Kinyozi hakuona kitu. Alikuwa ameegemeza kidevu begani mwa mkewe, akimsimulia habari za mteja mmoja aliyedai mtindo wa vijana ilhali nywele zenyewe zilishahama. Hadithi haikufika mwisho.

Msibani watu walinong'ona: laiti angepita tu. Laiti asingesimama. Yeye alifanya sawasawa, na sawasawa haikumsaidia. Hilo lilimvunja kuliko kama angekosea.

Mara ya kwanza kugandwa tena baada ya msiba ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Alikuwa anashuka mteremko wenye maduka ya rangi, teksi ikaja nyuma yake, ikasogea, ikasogea tena, mpaka katika kioo chake cha pembeni hakuona barabara wala anga, ila pua ya gari peke yake. Alijua la kufanya, alilifundisha kila wiki, lakini mwili wake ulikuwa umesahau kila kitu isipokuwa ule mshindo.

Ndipo aliposikia harufu. Poda, na nyuma ya poda ile spiriti kali ya kufutia nyembe.

Kisha sauti. Ndani ya ngurumo ya injini palikuwa na mngurumo mwingine, mwembamba, kama mashine ya kunyolea inayopita nyuma ya sikio la mteja. Kisha kiti kikabonyea. Springi zikashuka kama zinavyoshuka mtu mzima anapokaa na kujiweka sawa, na mgongo wake ukaguswa na mgongo. Haikuwa mikono wala kifua, ni mgongo kamili kwa mgongo, kutoka mabegani hadi kiunoni, mzito na baridi, uliojiegemeza kwake kama mtu anayejiegemeza ukutani.

Katika kioo aliuona uso wa dereva wa teksi ukibadilika. Kwanza ulikuwa uso wa mtu mwenye haraka. Halafu ulikuwa uso wa mtoto. Matairi yalilia, teksi ikasimama katikati ya barabara, na magari ya nyuma yakaanza kuipigia honi. Mjane aliendelea mbele, kioo cha kofia yake kimejaa ukungu, analia kwa sauti mahali ambapo hakuna wa kumsikia. Na haikuwa kwa hofu.

Jioni hiyo mama mkwe alichukua koti lake alitundike. Akasimama nalo mlangoni, kisha akaliweka usoni upande wa mgongoni na kuvuta pumzi.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Koti lako linanukia mtoto wangu."

Mjane alifunga mlango wa chumba alimolala binti. Wakaketi jikoni, magoti yakigusana, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alitegemea bibi huyu ashtuke, aombe kwa sauti, aseme pikipiki iuzwe kesho asubuhi. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho akilikunja koti mapajani na kulikunjua.

"Alikaa muda gani?"

"Mpaka gari lilipobaki nyuma. Lilipobaki tu, akaondoka."

"Na wewe siku nzima unapisha watu." Alisema polepole, bila lawama, kama anayepima chumvi. "Ukiwapisha, hapati sababu ya kuja."

Neno likishatoka halirudi mdomoni, na hapo ndipo kosa lilipoanza, kosa ambalo angelifanya Kobe peke yake, kwa kuwa ni yeye tu aliyezijua sheria vizuri kiasi cha kuzigeuza.

Alianza kuwaalika. Akiona katika kioo gari lenye pupa, alipunguza mwendo badala ya kusogea. Palipokuwa na pa kujibanza alipapita. Alikaa katikati ya njia kama jiwe na kulivuta gari taratibu, likaribie, likaribie zaidi, moyo ukimdunda kama wa msichana anayengoja hodi, mpaka poda ifike, na mashine ifike, na kiti kibonyee. Akaegemea nyuma. Akazungumza naye. Alimweleza habari za mtoto, jino lililong'oka, mjomba aliyekuja na maneno mengi na mikono mitupu. Hakujibiwa kamwe. Ule mgongo ulikaa tu, mzito, baridi, na nyuma yao madereva wakapiga breki na kupiga kelele.

Kazini mfamasia alimwita pembeni. "Dada Kobe, wateja wanasema unawafikia na macho mekundu. Na wenzako wanasema siku hizi unaendesha kama unayetafuta ugomvi. Kulikoni?"

"Vumbi," alisema.

"Msimu huu wa mvua?"

Alichukua mifuko yake akatoka.

Siku moja alipewa dawa za maumivu apeleke nyumba ya ghorofa karibu na soko. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye kitambaa cha kufutia vyombo begani. "Karibu dada, ingia, mgonjwa mwenyewe huyu hapa. Kavunjika mguu mmoja lakini analalamika kwa miguu minne."

Mwanamume alilala kwenye kochi, mguu ndani ya plasta. Alikuwa dereva wa gari la kusambaza soda. Alitabasamu, akapokea bahasha ya dawa, halafu macho yake yakaiona kofia aliyoishika mjane, ya njano, yenye mkwaruzo mrefu ubavuni. Tabasamu likamwisha.

"Mama watoto, niletee maji."

"Maji si hayo kando yako?"

"Ya baridi."

Mkewe alipoondoka, yule dereva alinong'ona. "Wewe ndiye mwenye pikipiki yenye mifuko ya ngozi. Mimi nilikuwa nyuma yako. Kona ya kituo cha mafuta. Sikulaumu, nilikuwa nimekukaribia mno, nakiri. Lakini yule uliyempakia... dada, kwa nini unampakia vile?"

"Vipi?"

"Kinyumenyume. Kakupa mgongo. Anatutazama sisi."

Mjane alishika ukingo wa meza.

"Nilidhani ni kichaa, anacheza," aliendelea, na sauti ilizidi kushuka kadiri alivyosema, na maneno yalizidi kufuatana bila kituo, kama maji yaliyopata ufa. "Nikasogea nimwone vizuri, nikamwona, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeona kitu kinamjia na hana pa kwenda, mdomo wazi, macho yamemtoka, viganja ameviweka mbele hivi, hivi, kama anayeniomba nisimame, na mimi nilikuwa nasimama, naapa nilikuwa nimekanyaga breki mpaka chini, lakini yeye aliendelea kuniomba, na nikaona kwamba hata nikisimama mwaka mzima hataamini kuwa nimesimama, ndipo nikakata usukani nisimwone tena, na ukuta ukanipokea."

Maji ya baridi yalifika. Mjane aliaga bila kusainisha kitu.

Njiani alilia kilio cha aina nyingine. Siku zote alifikiri mumewe amekuja kumlinda na kumkumbusha upendo wao. Kumbe alikuwa amekaa hapo, kila siku, akiona mwisho wake unakuja tena na tena, na ni mkewe aliyekuwa akimwitia.

Hata hivyo asingeacha. Mtu aliyezoea kunywa machozi yake haoni uchungu wake. Kilichomwachisha ni mtoto.

Alikwenda kumchukua shuleni, kama kawaida, akampandisha nyuma, akamkagua kamba ya kofia. "Nishike barabara."

"Nimeshika."

Hakualika mtu siku hiyo. Akiwa na mtoto hakuthubutu. Lakini barabara haina adabu ya kungoja mwaliko, na walipofika kwenye ukuta mrefu wa kiwanda, ambapo hapana pa kujibanza, lori dogo liliwajia nyuma na kuwaganda. Poda ikafika. Mashine ikaanza kunguruma nyuma ya sikio.

"Mama," sauti ndogo ilisema mgongoni mwake. "Mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu. Nabanwa. Mwambie asogee, mama, sina pa kukaa."

Kiti kikabonyea, na safari hii mjane alihisi kwa mwili wa mwanawe kile alichokuwa akikihisi kwa mwili wake, ule mzigo uliokaa bila kuuliza kama pana mtu, ukajiweka sawa, ukasukuma, na vidole vidogo vilivyoshika koti lake vikaanza kuteleza kimoja kimoja kuelekea ubavuni, na mtoto hakupiga kelele, alikuwa akinong'ona tu, "Samahani, samahani, napisha," kama alivyofundishwa kuwapisha wakubwa, huku akipisha kuelekea kwenye lami inayokimbia chini ya mguu wake, na mama akaachia usukani kwa mkono mmoja, akapapasa nyuma, akakamata mkanda wa mkoba wa shule, akauvuta kwa nguvu zote za maisha yake mpaka wakagonga ukingo wa barabara na injini ikazimika.

Lori likapita. Harufu ikakatika. Mtoto alikuwa amekaa chini, goti linavuja damu, ananyamaza kwa nguvu.

"Alikuwa baba?" aliuliza.

Mjane alimfuta goti kwa pamba ya mfuko wa dawa. Walitembea hadi nyumbani wakiisukuma pikipiki, na jioni hiyo yeye na mama mkwe wakaenda kwa mganga.

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaa chumba cha nyuma cha duka la nguo za mitumba. Alikuwa akikaza vifungo vya shati walipoingia, na hakuacha. Aliwasikiliza mpaka mwisho, sindano ikipanda na kushuka.

"Mumeo, alipokuwa hai, alikaa akitazama wapi?"

"Mbele. Alinikumbatia."

"Na huyu? Tangu aanze kuja, amewahi kukukumbatia hata mara moja?"

Mjane alitikisa kichwa.

"Basi umeshajijibu," alisema mganga kwa upole. "Jini hana sura yake, mwanangu. Huazima sura ya anayengojewa. Wapo wa njiani ambao chakula chao ni ule mshtuko, pale mtu anapoona limemfika. Huyu alionja siku ya ajali, akaona kiti kitupu, na juu ya kiti akaona mtu anayengoja. Atakwenda wapi tena? Amepata nyumba na amepata mpishi."

Mama mkwe alisema, "Lakini ana harufu yake."

"Ndiyo, mama. Ameazima na hiyo."

Mganga akakata uzi kwa meno.

"Jini wa njiani hafukuzwi kwa moshi wala kwa kelele. Hupishwa. Wewe unajua kupisha kuliko mimi, hiyo si ndiyo kazi yako? Ngoja akubane mtu. Usikimbie, usimvute. Onyesha taa, jibanze, mwache apite. Na huyo jini naye atapita, maana hukaa na mwenye pupa. Lakini kiti kisiwe kitupu. Akae mtu aliye hai, mgongoni mwako, pasipite hata karatasi. Na akishaondoka msimfuate. Ninyi wawili, mmenisikia? Mtakayoyaona, myaone. Msimfuate."

"Na huyo dereva atakayeondoka naye?" aliuliza mjane.

"Atamwona katika kioo mpaka siku atakapojifunza kuwaachia wenzake nafasi." Alilitazama shati mwangani. "Wengine hujifunza."

"Nitakaa mimi," alisema mama mkwe.

"Mama, goti lako..."

"Nilimbeba mimi kabla yako. Nitakaa mimi."

Walitoka siku iliyofuata baada ya chakula cha mchana, mtoto akiwa bado shuleni, kwa kuwa walitaka arudi nyumbani juu ya kiti kisicho na mtu mwingine. Mama mkwe alivaa kofia ya mwanawe. Ilimpwaya. Alijibana mgongoni mwa mkwewe, mikono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka kwa kasi ya ndege aliyeshikwa, wakaingia barabara kubwa inayoelekea nje ya mji.

Lilikuja gari dogo jeupe, jipya, muziki ukidunda madirishani. Kijana aliyeliendesha alikuwa na mkono mmoja kwenye usukani. Akawaganda.

Poda. Spiriti. Ule mngurumo mwembamba. Kiti kikabonyea mara ya pili, na mjane akasikia pumzi ya mama mkwe ikikatika sikioni mwake.

"Ni yeye," bibi alinong'ona.

"Mama, si yeye."

"Mgongo wake huu. Nimeuogesha mgongo huu, mimi siujui? Mfupa wa hapa, uliojitokeza. Ni wake."

"Naona pa kujibanza, mama. Pale kwenye mti uliokatwa."

"Bado." Mikono ya bibi ilikaza. "Bado kidogo. Usimpishe bado, mke wa mwanangu, nakuomba, sijamaliza."

Walipita pale pa kwanza. Walipita pa pili. Mjane alikuwa akilia na kuendesha, na nyuma yake mwanamke mzee alikuwa ameegemeza kichwa chake nyuma, akizungumza maneno madogo ya kubembelezea mtoto mchanga, na nyuma yao honi ilikuwa hailii tena, maana kijana alishaanza kuona. Palipofika pa tatu, mjane aligusa breki mara moja, taa ikawaka. Akaonyesha ishara ya kushoto. Akasogea, polepole, kwa ustadi wote aliokuwa nao, akaiacha njia nzima wazi.

Gari jeupe liliruka mbele kama lililochomwa. Lilipowapita, uzito wote uliinuka kwenye kiti mara moja, springi zikapanda, na mama mkwe akatoa sauti, sauti ile ile aliyoitoa kaburini.

Na katika dirisha la nyuma la gari lile, kikitazama nyuma, kikaonekana kichwa cha mtu.

Miezi yote mjane hakuwahi kuuona uso wake. Daima alipewa mgongo. Sasa mwenye kutazama nyuma alikuwa mbele yao, na uso ulikuwa wazi mchana kweupe: ndevu alizozichonga mwenyewe kila Ijumaa, kovu la nyusi, sikio moja lililochomoza kuliko jingine.

"Mfuate!" Ngumi ndogo zilimpiga mabegani. "Mwanangu yule! Mfuate, mfuate, anaondoka!"

Naye akamfuata. Mkono uliongeza mafuta kabla akili haijaulizwa. Pikipiki ya Kobe ilinguruma kama haijawahi, nafasi kati yao na gari ikaliwa, hatua kwa hatua, mpaka namba za gari zikapotea chini ya taa ya mbele na hapakuwa na kitu tena duniani isipokuwa kioo kile na uso ule, karibu, karibu zaidi, karibu kiasi cha kuona meno, na ndipo alipoona kwamba mdomo ulikuwa wazi na macho yametoka na viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo kwa ndani, vikiomba, vikiomba, kama vilivyowaomba wengine wote, kwa kuwa kitu kilichokuwa kikimjia sasa kilikuwa yeye.

Upande mwingine wa mji kengele ya shule ilikuwa karibu kulia, na mtoto angetoka getini na goti lake la bandeji, atazame barabara.

Mjane aliachia mafuta.

Hakupiga breki. Aliachia tu, na nafasi ikaanza kukua. Mwanzoni ilikuwa nafasi ya mtu mmoja kusimama. Halafu ya meza ya watu wanne. Halafu ya nyumba. Kila kipande cha lami kilichofunguka mbele yake alikitoa kwa mkono wake mwenyewe, na kila kimoja kilimchuna. Uso ulipungua, ukawa kama sarafu, ukawa nukta, gari likaingia kona.

Alisimamisha pikipiki kwenye majani. Injini ilikuwa ikitoa mlio wa chuma kinachopoa. Mama mkwe alishuka mwenyewe, akavua ile kofia kubwa, akakaa chini nayo mapajani. Muda mrefu alitazama kule kwenye kona.

"Umeona?" alisema hatimaye. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa unang'aa. "Umeona alivyonitazama? Alinijua. Viganja vile alikuwa ananiaga mimi."

Mjane alikuwa mbele, na aliona vizuri zaidi. Aliyaona macho yale yakiwatazama kama yalivyotazama teksi, na lori, na gari la soda. Hayakumjua mtu.

Alikaa kando yake, akaushika mkono wake.

"Ndiyo, mama," alisema. "Alikuwa anakuaga wewe."